Misri ya kale iliangushwa na ghala tupu, si na Cleopatra

Kwa Mhariri,

Wasomaji walioandika katika ukurasa huu kuhusu mafarao walitofautiana kwa mengi, ila kwa mambo mawili walikuwa kitu kimoja: kwamba piramidi zilijengwa na watumwa chini ya mjeledi, na kwamba ustaarabu wa Misri ulikufa kwa sababu malkia mmoja alipendana na majenerali wa Roma. Sisi tunaofundisha historia hapa Kisumu huyasikia hayo hayo kutoka kwa wanafunzi. Yote mawili si kweli, na ubaya wake ni kwamba yanaficha kitu chenyewe kilichoiinua dola ile na kuiangusha. Kitu hicho ni nafaka: nani aliipima, nani aliiweka akiba, nani alisamehewa kuitoa, na kama ilimfikia aliyeitolea jasho.

Tuanze na maji, maana hapa watu wa kando ya ziwa hujivunia kisicho chetu. Husemwa kwamba Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ndilo lililoilisha Misri. Ni kweli kwamba maji ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu huingia ziwani, yakatokea Jinja na kushika njia ya kaskazini. Lakini njiani hupita katika kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, na karibu nusu yake hupotelea hewani huko. Mafuriko yaliyoifunika Misri kila mwaka yalitoka milima ya Ethiopia kwa Nile ya Buluu na mto Atbara, kutokana na mvua za Juni hadi Septemba, na udongo mweusi wenye rotuba ulitoka huko huko. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Aswan kwa mwaka ni ya Ethiopia. Mchango wa ziwa letu ni wa namna nyingine, na si mdogo. Maji yake huja karibu kwa kipimo kile kile mwaka mzima, hivyo Aprili na Mei, Nile ya Buluu ilipokuwa imepungua sana, Nile Nyeupe ndiyo iliyoshikilia uhai wa mto. Mwalimu akichora ramani ubaoni achore mito yote miwili na aandike kazi ya kila mmoja.

Huko Aswan mto ulianza kupanda mwishoni mwa Juni, ukafika kilele mapema Septemba, ukashuka Oktoba. Mwaka wa Wamisri ulifuata mwendo huo. Ulikuwa na majira matatu ya miezi minne minne: Akhet ya mafuriko, Peret ya mimea kuchipua, Shemu ya mavuno. Mwezi ulikuwa na siku 30, na mwishoni ziliongezwa siku 5 kukamilisha 365. Kwa kuwa hawakuwa na mwaka mrefu, kalenda yao ilisogea siku moja kila miaka minne, hata baada ya karne kadhaa majira ya mafuriko ya kwenye kalenda yakawa yanaangukia wakati wa kiangazi. Makarani waliendelea nayo hivyo hivyo, kwa sababu kwao kazi ya kalenda ilikuwa hesabu za ofisi. Habari za shambani zilisomwa mtoni.

Sasa kuna kosa la ufundishaji ambalo limekaa muda mrefu. Mwanafunzi hukariri shaduf, ule mti wa kuchotea maji wenye kizito upande mmoja na ndoo upande wa pili, kana kwamba ndio uliojenga Misri. Shaduf huonekana katika michoro ya makaburi ya Ufalme Mpya, ya mwisho kati ya enzi tatu kuu za mafarao (Ufalme wa Kale, wa Kati na Mpya), zaidi ya miaka 1,000 baada ya piramidi kubwa, na ulifaa zaidi bustani za mboga. Ngano na shayiri za taifa zilitoka kwenye majaruba makubwa yaliyozungushiwa matuta ya udongo. Mto ukijaa, tuta lilikatwa mahali maalumu, maji yakaingia hadi kimo cha mita moja au mbili, kisha pengo likazibwa. Maji yalituama siku 40 hadi 60. Katika muda huo tope lilitua chini, ardhi ikanywa hadi ndani, na chumvi ikasukumwa chini ya mizizi. Maji yaliyobaki yaliachiwa yaende jaruba la chini yake au yarudi mtoni. Mbegu ilitupwa juu ya tope bichi, kondoo na mbuzi wakapitishwa juu yake waikanyage izame, na baada ya hapo shamba halikuhitaji maji mengine hadi mavuno ya Machi na Aprili. Ile hatua ya kuosha chumvi ndiyo inayosahaulika vitabuni. Sehemu za Mesopotamia ziliharibika kwa chumvi ya umwagiliaji, na mashamba ya Misri yalioshwa bure kila mwaka.

Kilichoharibu mambo ni kimo cha maji. Huko Elephantine, karibu na Aswan, kulikuwa na ngazi ya mawe iliyoshuka mtoni ikiwa na alama za vipimo. Kipimo kilikuwa dhiraa ya kifalme, sentimita 52 na kidogo, iliyogawanywa viganja 7, na kila kiganja vidole 4. Pliny, Mrumi wa karne ya 1 B.K., alieleza hesabu ya kipimo cha Memphis hivi: dhiraa 12 ni njaa, 13 bado ni njaa, 14 ni furaha, 15 ni usalama, 16 ni raha tele. Kati ya njaa na raha ni dhiraa nne tu, yaani mita mbili na kidogo. Maji yakipungukiwa dhiraa mbili, mashamba ya juu hayaguswi kabisa. Yakizidi, matuta hubomoka, nyumba za udongo huyeyuka, na jaruba hukawia kukauka, kwa hiyo mbegu huchelewa na mazao hukutwa na joto kabla hayajakomaa. Wakazi wa Budalang'i na nyanda za Kano hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ngazi hiyo ilimpa mtawala kitu ambacho majirani zake hawakuwa nacho: kufikia Septemba karani alikwisha kujua mavuno ya Machi yatakuwaje, na kodi ilikadiriwa kabla mbegu haijatupwa. Kumbukumbu za kale za wafalme zilizochongwa kwenye jiwe linalohifadhiwa Palermo, Italia, zinaandika kimo cha maji cha kila mwaka tangu nasaba ya kwanza, kwa dhiraa, viganja na vidole. Katika Ufalme wa Kale hata miaka ya utawala ilihesabiwa kwa sensa ya ng'ombe, iliyofanywa kwa kawaida kila miaka miwili: mwaka wa sensa ya kwanza, mwaka uliofuata sensa ya kwanza, na kuendelea. Tunapenda hilo lifundishwe katika nchi hii ya wafugaji.

Narmer, aliyeziunganisha Misri ya Juu na ya Chini karibu mwaka 3100 K.K., hutajwa kwa rungu lake. Walioifanya iwe dola ni makarani wa warithi wake, na piramidi ni ushahidi wa kazi yao.

Kuhusu hao wanaoitwa watumwa. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wachimbuzi walipata hati za mafunjo ambazo ndizo kongwe kuliko zote zenye maandishi. (Mafunjo, yaliyotengenezewa karatasi, ni mmea ule ule unaoota Dunga, hapa Kisumu.) Nyingine kati ya hati hizo ni kumbukumbu za kazi za Merer, msimamizi wa kikosi cha watu wapatao 40, mwishoni mwa utawala wa Khufu, farao wa piramidi kubwa ya Giza. Siku kwa siku anaandika walikopakia mawe ya chokaa, machimbo ya Tura, walikolala, na siku waliyofika Giza. Katika kila siku 10 walimaliza safari mbili au tatu. Kusini mwa piramidi umechimbuliwa mji wa wafanyakazi wenye viwanda vya mikate na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi walioliwa. Makaburi yao yalianza kuonekana mwaka 1990, na ndani yake kuna mifupa iliyovunjika kisha ikaungwa na kupona. Walikuwa watu wa zamu walioitwa kutoka mikoani, wakalishwa, wakatibiwa, wakazikwa kwa heshima karibu na mfalme wao. Hatusemi kazi ilikuwa ya hiari. Ilikuwa amri, lakini yenye posho.

Ufundi wenyewe ulijengwa juu ya makosa. Fundi Imhotep alimjengea mfalme Djoser piramidi ya ngazi huko Saqqara, yenye mita 60 hivi. Sneferu, mfalme wa baadaye, akataka pande laini. Huko Dahshur mafundi wake walianza kwa pembe ya digrii 54 juu ya ardhi yenye changarawe na udongo laini, nyufa zikatokea vyumbani, na kwenye kimo cha mita 47 hivi wakalazimika kulaza pembe hadi digrii 43 ili kupunguza uzito. Piramidi ile imebaki na mgongo uliopinda, kimo mita 105. Iliyofuata, ile Nyekundu, waliianza kwa digrii 43 tangu chini, nayo imesimama sawasawa. Khufu, mwanawe, alipochagua tena mteremko mkali, Giza, walijenga juu ya mwamba. Mteremko huo ulishikwa kwa kipimo rahisi: kwa kila dhiraa moja ya kupanda, yaani viganja 7, ukuta uliingia ndani viganja 5 na nusu. Ukitunza uwiano huo katika kila safu, unapata digrii 51 na dakika 50. Mwanafunzi mwenye rula na karatasi ya mraba anaweza kuuthibitisha kwa dakika tano.

Mawe yalivutwa kwa sleji za mbao, yaani vitu vya kuburutia visivyo na magurudumu. Katika kaburi la Djehutihotep, mkuu wa mkoa wa Ufalme wa Kati, kuna mchoro wa sanamu kubwa ikivutwa na watu 172, na mtu mmoja amesimama mbele ya sleji akimwaga maji mchangani. Zamani alidhaniwa anafanya ibada. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu mwaka 2014 wakakuta kwamba mchanga uliolowa kiasi cha kutosha huhitaji nusu tu ya nguvu ya kuvuta juu ya mchanga mkavu. Maji yakizidi, faida hupotea.

Piramidi ya Khufu ina upande wa mita 230, ilikuwa na kimo cha mita 146, na ina mawe yanayokadiriwa milioni 2.3. Ukigawa kwa miaka 20, ni mawe zaidi ya 300 kila siku. Hesabu hiyo ni ya mawe, na nyuma yake ipo ya mikate: kila anayevuta jiwe ameacha kulima, na lazima alishwe na ghala la mfalme. Ukiiona piramidi namna hiyo, utaelewa kwa nini zilipungua.

Menkaure, mfalme wa tatu wa Giza, alijenga mita 65. Karne tatu hivi baada ya Khufu, Pepi wa Pili alipata upande wa mita 78, na ndani yake ni vifusi vilivyovishwa mawe mazuri kwa nje. Mfalme Ibi, muda mfupi baadaye, aliambulia upande wa mita 31. Ufundi haukuwa umesahauliwa. Kilichokosekana ni nafaka ya kulisha vikosi. Amri za kifalme zilizopatikana Koptos zinaonyesha ilikokwenda: Pepi wa Pili analisamehe hekalu la mungu Min kodi na kazi za lazima, na anawakataza maofisa wake wasiwaguse watu wa hekalu hilo. Kila msamaha ulikuwa zawadi ya kumfurahisha kuhani au mkuu wa mkoa, na kila msamaha ulikuwa shamba lililotoka kwenye daftari daima. Wakati huo huo vyeo vya wakuu wa mikoa viligeuka urithi wa baba kwa mwana, wakajenga makaburi yao nyumbani badala ya kuzikwa karibu na mfalme, na maghala ya mikoani yakawa yao.

Kisha, karibu mwaka 2200 K.K., mvua za Ethiopia zikapungua kwa miongo kadhaa. Miaka mibaya ilikuwapo hata zamani za Khufu, ila wakati ule ghala la taifa lilikuwa limejaa. Sasa lilikuwa limegawanywa. Ankhtifi, mkuu wa mkoa wa kusini, alichonga katika kaburi lake huko Mo'alla kwamba nchi yote ya kusini ilikuwa ikifa njaa hata watu wakala watoto wao, lakini yeye hakuacha mtu wa mkoa wake afe. Huenda ametia chumvi, kama watawala wanavyofanya makaburini. La kutazama ni kwamba mtu huyu anajisifu kwa ghala lake, na farao hamtaji kama mwokozi wa yeyote.

Mentuhotep wa Pili wa Thebes, mji wa kusini, aliiunganisha nchi tena karibu mwaka 2055 K.K. Ufalme wa Kati uliofuata hupitiwa haraka mashuleni, na ni makosa. Wafalme wake walipanua kilimo cha Fayum, wakajenga ngome za matofali ya udongo huko Nubia, nchi iliyo kusini mwa Aswan, na wakachonga vimo vya mafuriko kwenye miamba ya Semna. Kufikia enzi ya Senusret wa Tatu, makaburi makubwa ya wakuu wa mikoa yanakoma. Jiwe lake la mwaka wa 8 pale Semna linakataza Mnubi yeyote kupita kwenda kaskazini isipokuwa anakwenda kufanya biashara au ametumwa, na hapo mpaka na ushuru vinaonekana waziwazi.

Anguko la pili halifuati mkondo wa la kwanza, nasi hatutaulazimisha ufuate. Nasaba ya 13 ilikuwa na wafalme wapatao 50 katika miaka 150 hivi, jambo linaloonyesha kwamba kiti kilikuwa kikibadilishwa na ofisi zikiendelea na kazi. Katika delta walikuwa wamehamia watu wengi kutoka Asia ya Magharibi, na karibu mwaka 1650 K.K. wakuu wao, Wahyksos, walitawala kutoka Avaris. Walikuja na farasi, magari ya vita na pinde za tabaka kadhaa. Mwili uliokaushwa wa Seqenenre Tao wa Thebes una majeraha ya shoka kichwani. Ahmose, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanawe, aliwafukuza karibu mwaka 1550 K.K. akitumia silaha zile zile.

Ufalme Mpya ndio wenye majina yanayojulikana na kila mtu. Malkia Hatshepsut alituma merikebu Punt, upande huu wetu wa Bahari ya Shamu, zikarudi na ubani na miti ya manemane. Thutmose wa Tatu alishinda Megiddo karibu mwaka 1457 K.K. Dhahabu ya Nubia ilimiminika kiasi kwamba mfalme Tushratta wa Mitanni, katika barua zilizopatikana Amarna mwaka 1887, anamwandikia farao kuwa kwa Wamisri dhahabu ni nyingi kama mavumbi, basi naye apelekewe. Farao Akhenaten alijaribu kuyanyang'anya mahekalu ya Amun, mungu mkuu wa Thebes, mali yake kwa kuyafunga, akaweka mungu wake mmoja. Wengi humfundisha kama mtu wa dini tu. Lakini kulifunga hekalu kulikuwa kulifunga ghala lililolisha watu wengi, na alipokufa mahekalu yalirudishiwa yote na kuongezewa. Ramesses wa Pili alipigana na Wahiti pale Kadesh mwaka 1274 K.K., hakushinda wala hakushindwa, akachonga ukutani kwamba ameshinda, na miaka 15 hivi baadaye akafanya nao mkataba wa amani. Alitawala miaka 66.

Zawadi kwa mahekalu ziliendelea hadi zikafika kipimo cha kutisha. Hati ndefu ya mafunjo iliyoandikwa alipokufa Ramesses wa Tatu, karibu mwaka 1155 K.K., inahesabu mali ya Amun wa Thebes peke yake: watu 86,486 na mifugo 421,362, mbali na mashamba, bustani na merikebu. Mfalme huyo huyo alikuwa amewazuia wavamizi waitwao Watu wa Bahari mwaka wa 8 wa utawala wake, na vita vile vilikula akiba.

Matokeo yalionekana mahali padogo, kijiji cha Deir el-Medina, walikoishi mafundi wa makaburi ya wafalme. Mshahara wao ulikuwa nafaka. Fundi wa kawaida alipata khar 4 za ngano na khar 1 na nusu ya shayiri kwa mwezi, ngano kwa mkate na shayiri kwa pombe. Khar moja ni lita 77 hivi, kwa hiyo jumla ni kama debe 21 za lita 20. Msimamizi alipata khar 7 na nusu. Juu ya hiyo waliletewa samaki, mboga, kuni na maji, kwa sababu kijiji kiko jangwani na hakina shamba wala kisima cha kutosha. Mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, siku 18 za mwezi zikiwa zimepita bila nafaka, mafundi waliweka zana chini, wakavuka kuta tano za makaburi, wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu. Karani akaandika madai yao: njaa na kiu vimewaleta, hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga, na farao apelekewe habari. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao maandishi yake yapo, na hati iko Turin. Walilipwa, kisha malipo yakachelewa tena, wakagoma tena. Mahekalu ya namna hiyo yalikuwa na maghala.

Miaka 45 hivi baadaye, mwaka wa 16 wa Ramesses wa Tisa, bei ya nafaka ikiwa imepanda sana, fundi mawe aitwaye Amenpanufer alikiri mahakamani jinsi alivyovunja na wenzake kaburi la mfalme Sobekemsaf. Walikuwa wanane. Walichoma majeneza, wakakusanya dhahabu deben 160, wakagawana 20 kila mmoja. Deben ilikuwa gramu 91, basi kila mtu alipata karibu kilo 1.8. Amenpanufer alikamatwa, akampa karani wa gati la Thebes fungu lake lote, akaachiliwa. Wenzake wakamfidia kwa kugawana upya, na wakarudi makaburini. Meya wa Thebes ya mashariki alishtaki wizi huo, meya wa magharibi aliyekuwa na dhamana ya makaburi akasema hakuna shida, na tume ikakuta makaburi ya wafalme iliyoyakagua yako salama isipokuwa moja. Tunapenda wanafunzi wasome kisa hiki kabla ya kusoma orodha ya vita, kwa maana kinaonyesha dola ikiwa bado na mahakama, makarani, tume na mihuri yote, huku kila mmoja akila kutoka mahali pake.

Karibu mwaka 1070 K.K. nchi iligawanyika, mfalme Tanis, kuhani mkuu wa Amun Thebes. Nubia ilikuwa imekwisha kuponyoka na dhahabu yake. Ulimwengu ulikuwa ukiingia enzi ya chuma, na Misri, iliyokuwa na shaba nyingi, haikuwa na chuma cha kutosha. Yaliyofuata tunayapita upesi. Walibya walitawala. Kisha wakaja wafalme wa Kush kutoka Sudan ya leo, Piye na Taharqa, waliojenga na kukarabati mahekalu kuliko wengi waliowatangulia na wanaostahili nafasi kubwa zaidi darasani. Waashuri, wenye silaha za chuma, waliipora Thebes mwaka 663 K.K. Waajemi waliingia mwaka 525 K.K., Aleksanda mwaka 332 K.K. Misri ilikuwa inabadilisha mabwana, lakini majaruba yalikuwa yakijaa kila Septemba, ndiyo maana kila bwana aliitaka.

Wafalme wa Kigiriki, akina Ptolemy, walikuwa wakusanyaji kodi hodari, na Misri ya Juu iliwaasi kwa miaka 20 hivi, ikawa na mafarao wake wenyewe hadi mwaka 186 K.K. Jiwe la Rosetta, ambalo hutajwa tu kwa kuwa lilimsaidia Mfaransa Champollion kusoma maandishi ya Kimisri mwaka 1822, ni amri ya mwaka 196 K.K., katikati ya uasi huo. Ukilisoma lenyewe utakuta makuhani wanamshukuru mfalme kijana kwa kuyapunguzia mahekalu kodi na kuwasamehe watu madeni. Ni karibu miaka 2,000 tangu amri za Koptos, na mtawala dhaifu bado ananunua utii kwa sarafu ile ile.

Na Cleopatra? Baba yake, Ptolemy wa 12, alikopa fedha kwa matajiri wa Roma ili arudishiwe kiti, akashindwa kulipa, na mwaka 55 K.K. mdai wake mmoja, Rabirius Postumus, akafanywa msimamizi wa hazina ya Misri. Binti alirithi hazina hiyo. Mwaka 43 K.K. volkano ya Okmok huko Alaska ililipuka kwa nguvu sana, gesi yake ya salfa ikapoza hewa, na miaka hiyo mafuriko ya Nile yalikuwa mabaya na njaa ikaingia. Cleopatra alifungua maghala ya kifalme kulisha watu. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wake kuijua lugha ya Kimisri. Aliposhindwa na Roma katika vita vya Actium mwaka 31 K.K. na kufa mwaka uliofuata, Roma ilichukua nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imekwisha kuwekwa rehani, na nafaka ya majaruba ikaanza kupakiwa merikebuni kwenda Roma. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu, yale ya picha ya Kimisri, yanayojulikana yalichongwa Philae tarehe 24 Agosti 394 B.K.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa za elimu za gazeti hili zichapishe ramani ya mito yote miwili pamoja na jedwali la mshahara wa Deir el-Medina, ili walimu wa Nakuru, Kakamega, Busia na kwingineko waitumie darasani. Zoezi la kuanzia ni hili. Kikosi cha mafundi 60, kila mmoja debe 21 kwa mwezi, kinahitaji debe 15,120 kwa mwaka. Maji yamefika dhiraa 13, na ghala la mfalme limepokea debe 10,000, huku ghala la hekalu la jirani, lililosamehewa kodi, likiwa limejaa. Mwanafunzi awe karani: aandike nani atapunguziwa, kwa kiasi gani, na barua gani aipeleke kwa farao.

Walimu wa Historia,
Kisumu